Shangazi, vitabu ninavyowapendekezea wenzangu maktaba vinarudi havijasomwa

Shikamoo Shangazi,

Naomba univumilie, barua itakuwa ndefu maana hili jambo limenikaa moyoni miezi sasa na nyumbani nikilisema wananijibu ni vitabu tu hivyo, achana navyo. Kwangu mimi si vitabu tu. Nina miaka 41, nilianza kusoma riwaya nikiwa darasa la tano na mpaka leo Jumamosi asubuhi ukinitafuta utanikuta maktaba, na katika shida zote nilizopitia, na nimepitia kweli, kilichonishika mkono ni kusoma. Ndo maana nikiona mtu anazunguka kwenye marafu hajui achukue nini huwa natamani nimtilie kitabu mkononi asikie kile ninachosikiaga mimi.

Mwaka jana mkutubi wetu, mama mmoja mpole ajabu, alinipa rafu moja ya pale mlangoni akasema hii panga wewe, weka vitabu ulivyovifurahia ili na wenzako wafaidi. Shangazi machozi yalinitoka pale pale. Nikachagua vitabu 24, nikakata vikadi, nikaandika kwa mkono wangu, kila kikadi niliandika "Kitabu kizuri sana, lazima usome!" Na sikuishia hapo, mtu akiingia namfuata naongea naye namchagulia kabisa.

Basi vinarudi. Wiki haijaisha kimerudi, na vingine havijawahi hata kutoka.

Kuna mzee mmoja, mwenyewe huwa anasema ana miaka 72, huja kila siku kusoma magazeti na huwa anaanza na kurasa za kesi za mahakamani, nishamzoea hivyo. Nikaona huyu mzee anapoteza muda na magazeti, nikampa riwaya moja nene ninayoipenda kuliko zote, inaelezea ukoo mmoja kuanzia babu mpaka wajukuu, pole pole, ukiisoma unaona mpaka vumbi la uani. Alikaa nayo wiki mbili. Iliporudi nikaifungua nikakuta kipande cha gazeti amekikunja vizuri kiko peji ya 30. Nikamuuliza pale pale kwenye meza ya magazeti, watu wapo, "Mzee mbona umeishia peji ya 30?" Akatabasamu kidogo akafunga gazeti akaondoka. Toka siku hiyo akija anakaa meza ya mwisho kule na mimi salamu ananipa kwa mbali.

Kijana mmoja wa miaka kama 15 mama yake alimleta akasema hasomi kitu, nikamtafutia kitabu chembamba ili asiogope, nikampa Nagona ya Kezilahabi. Kesho yake kimerudi. Akasema anti sijaelewa hata mstari.

Lakini kinachoninyima usingizi ni hiki. Kuna mama alifiwa na binti yake. Alikaa muda hajaja maktaba, siku alipokuja alikuwa anashika vitabu anavirudisha, anashika anarudisha, nikamwonea huruma sana. Nikaenda kumchukulia Rosa Mistika, kwa sababu mimi kile kitabu kilinitikisa nikiwa msichana na nakiona ni kitabu cha ukweli mtupu, nikamwambia chukua mama utakipenda sana. Shangazi, sikufikiria. Nilikuwa nafikiria kitabu, sikumfikiria yeye. Wiki iliyofuata alikirudisha akakiweka mezani kwa mkutubi, hakunitazama, akatoka. Ndo nilipokumbuka kinavyoisha. Miguu iliniishia nguvu. Sijamwona tena, na anapokaa napajua, ni mtaa wa pili kutoka kwangu.

Sasa wenzangu nadhani wananikwepa. Kuna dada mmoja tu ndo bado ananichangamkia, naye tatizo lake ni riwaya za mapenzi, miezi miwili iliyopita alinipa moja ya kava jekundu ya kwake mwenyewe akasema dada soma hii utanishukuru, nikapokea tu nisimvunje moyo, mpaka leo iko kwenye begi.

Shangazi nifanyeje? Nimrudishie mkutubi rafu yake? Maana nahisi mapenzi yangu ya vitabu yanawafukuza watu badala ya kuwavuta, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Mwenye Rafu ya Mlangoni


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimeisoma na kalamu mkononi, na kabla sijasema lolote nikwambie rafu usirudishe. Mtu anayekata vikadi 24 kwa mkono wake ili watu asiowajua wafurahi, huyo maktaba inamhitaji. Ila kuna mambo tuongee, na mengine yatakuchoma kidogo, nivumilie kama mimi nilivyokuvumilia.

Tuanze na yule mama maana yeye hawezi kusubiri.

Nenda kwake. Ni mtaa wa pili, nenda wiki hii. Usiende na kitabu, nasema tena usiende na kitabu, hata kiwe kizuri vipi. Ukifika mwambie hivi hivi ulivyoniambia mimi, "nilikuwa nafikiria kitabu sikukufikiria wewe, nisamehe." Halafu nyamaza. Usianze kumweleza kwamba ni kazi kubwa, kwamba mwandishi alikusudia hivi na vile, maana najua utatamani kukitetea. Rosa Mistika haihitaji wakili, imetoka 1971 na mpaka leo watu wanaisoma na inawatikisa kama ilivyokutikisa wewe. Lakini ni stori ya binti aliyebanwa na baba mkali, akatoka nje dunia ikamfanyia ilivyomfanyia, na mwisho wake ni kujiua. Huyu mama alifungua akiwa na kidonda kibichi, hakuna aliyemwambia kuna nini mbele. Kitabu hakina kosa na wewe hukuwa na nia mbaya, ila yeye ndo aliyeumia, kwa hiyo maneno yawe ya kwake.

Akikusamehe, na siku akirudi mwenyewe kusoma, muulize swali moja tu: mama unataka kitabu kikupeleke mbali na haya, au unataka kitabu kikae na wewe kwenye haya haya? Maana waliofiwa hawafanani. Mmoja anataka vichekesho na safari na nchi za kufikirika, mwingine anataka mtu aliyelia kabla yake amwandikie kulia kunavyokuwa, ukimpa vichekesho anaona unamfukuzia huzuni yake. Usimchagulie wewe, achague mwenyewe. Na chochote atakachochagua mtafutie kifupi, hadithi fupi, mashairi, kitu cha kusoma peji mbili kuweka chini, kwa sababu mwenye msiba akili inatawanyika, anasoma mstari mmoja mara nne na bado haujaingia. Kumpa mtu wa hivyo riwaya ya peji 300 ni kumwongezea mzigo.

Hapo hapo nikutoe na wasiwasi mmoja ambao wapenda vitabu wengi wanao, wa kuogopa kumwaga mwisho wa stori. Kumtahadharisha mtu si kummwagia mwisho. Ukimwambia "humu mna msiba wa binti, na ni mzito" hujamwambia nani, wapi, wala inakuwaje. Umemwambia tu uzito wa mzigo kabla hajaunyanyua. Kifo cha mtoto, kubakwa, kujiua, mateso, hivyo vinne mimi huwa sivifichi hata siku moja, hata kwa mtu ambaye sijui ana historia gani, na hasa kwa huyo nisiyemjua.

Haya, tuje kwa mzee.

Kuna mkutubi wa Marekani anaitwa Nancy Pearl, alifanya kazi maktaba ya Seattle miaka mingi na kazi yake kubwa ilikuwa hii hii unayoifanya wewe, kuwakutanisha watu na vitabu. Ana kanuni yake ya kurasa 50. Kama una miaka 50 au chini ya hapo, kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika weka chini bila kujilaumu. Ukivuka 50, chukua 100 utoe umri wako, jibu ndo kurasa za kukipa kitabu, maana muda uliobaki unazidi kupungua na vitabu havipungui. Sasa mzee wako ana 72. Mia toa 72 ni 28. Yeye alifika 30. Mwanangu, huyo mzee alikipa kitabu chako zaidi ya haki yake, tena akakikunjia kipande cha gazeti vizuri asikipotezee mahali, hakukunja sikio la karatasi. Hiyo ni heshima. Na wewe ukamuuliza mbele za watu kwa nini hakumaliza.

Mwandishi mmoja wa Ufaransa, Daniel Pennac, aliandika mwaka 1992 kuhusu haki za msomaji, akazihesabu 10. Ya kwanza kabisa ni haki ya kutosoma. Ya tatu ni haki ya kutomaliza kitabu. Na ya 10, ambayo mimi naipenda kuliko zote, ni haki ya kunyamaza, yaani msomaji hadaiwi maelezo. Mzee wako alitumia zote tatu kwa kutabasamu na kuondoka. Kwa hiyo kuanzia leo futa kabisa swali la "umemaliza?" kwenye ulimi wako. Kitabu kikirudi kipokee, sema karibu tena. Mtu akitaka kukuambia atakuambia. Na mtu aliishia peji ya ngapi, au aliazima nini, hayo hayatoki mdomoni mwako kwenda kwa mwingine hata kwa kusifia, muulize mkutubi wako atakwambia hiyo kwao ni amana. Maktaba ni pahali ambapo mtu anaweza kusoma kuhusu ugonjwa wake, ndoa yake, mashaka yake, bila jirani kujua, na akihisi kuna macho yanamfuata hatarudi.

Lakini mzee bado hujampoteza, na unajua kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu jibu lake umeniandikia wewe mwenyewe na hukuliona. Umesema anaanza na kurasa za kesi za mahakamani. Kila siku! Umemtazama vizuri ukaona hilo, halafu ukaona anapoteza muda, ukampa kitabu cha ukoo unaokua pole pole na vumbi la uani. Huyo mzee alikuwa anakutangazia anachokipenda kila asubuhi. Anataka kosa, anataka mshukiwa, anataka ushahidi, anataka kujua nani kafanya na kwa nini. Mpe Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, kuna mtu ameuawa na kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake cha tumbaku anauliza maswali ambayo wengine hawakufikiria kuuliza, na swahiba wake Najum yupo pembeni. Na uzuri wake, ukimpata na hicho umempata kwa miezi, maana kina ndugu zake, Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, ni Bwana Msa yule yule. Mtu aliyefurahia kitabu cha kwanza cha mfululizo hahitaji umpendekezee cha pili, atakuja kukidai.

Ila usimkabidhi mkononi. Kiweke kwenye rafu, sura mbele, siku moja ukimsalimia mwambie "mzee kuna cha upelelezi kimewekwa pale, kama utapenda." Basi. Endelea na shughuli zako. Na kabla ya hapo, kwa faragha, mwombe radhi kwa lile la siku ile, sentensi moja inatosha, wazee hawataki hotuba.

Huyo huyo Nancy Pearl anasema kitabu kina milango minne ya kuingilia, na hii imenisaidia sana kuliko darasa lolote la fasihi. Kuna wanaoingia kwa mlango wa hadithi, hao wanataka kujua kinachofuata na usiku hawalali. Kuna wanaoingia kwa mlango wa wahusika, hao hata kisitokee kitu hawajali, mradi wamempata mtu wa kumpenda au kumchukia. Wa tatu ni mlango wa mahali, anataka aone mji, bahari, enzi fulani, anuse. Na wa nne ni mlango wa lugha, huyu anasoma sentensi moja anarudi kuisoma tena kwa sababu ya utamu wake, ndo hawa ukiwapa Shaaban Robert hawakurudishii. Nikikusoma wewe naona unaingia kwa mahali na lugha. Vumbi la uani lile. Na vitabu vyako 24 nina hakika karibu vyote vina mlango huo huo, kwa hiyo anayekuja na mlango mwingine anazunguka nyumba nzima hapati pa kuingilia, anaondoka akidhani yeye ndo hajui kusoma.

Mlango wa mtu unaujuaje? Muulize, ila si "unapenda vitabu gani", hilo swali linamtia mtu aibu, ataanza kutaja vitabu vya shule au atasema chochote tu. Muulize, "niambie kitabu ambacho hukutaka kiishe." Halafu kaa kimya usikilize anavyokisimulia, usisikilize jina la kitabu. Akisema "yaani pale alipogundua kumbe ni mdogo wake ndo aliyeandika ile barua, nilipiga kelele," huyo ni hadithi. Akisema "yule bibi jamani, yule bibi mpaka leo namkumbuka," huyo ni wahusika. Na kama hajawahi kusoma kitabu kikamshika muulize filamu, tamthilia, hata stori ya redioni, milango ni ile ile. Mtu huyo huyo pia habaki vile vile. Wiki ya mitihani au ya kuuguza anaweza kutaka kitu chepesi ambacho mwezi uliopita angekidharau, kwa hiyo ongeza na swali la pili, "na sasa hivi una nguvu ya kitu cha aina gani?"

Kijana wa miaka 15 sitakaa naye sana. Wembamba wa kitabu si wepesi wake. Nagona ni chembamba ndiyo, lakini ni falsafa na mafumbo kuanzia mwanzo, wasomi wazima wanakikunia kichwa, sasa yeye ambaye hajazoea kusoma kitamwambia nini zaidi ya kwamba vitabu si vyake? Muulize anachezea gemu gani na anaangalia nini, kisha mpeleke kwenye rafu yenye vitu vya namna hiyo umwache peke yake dakika 20, hata akichagua cha katuni, hata akichagua cha mpira chenye picha nyingi. Na mama yake asimame mbali kidogo.

Sasa rafu yenyewe. Vitabu 24 ni vingi mno. Mtu akiona 24 vimebanana migongo tu inaonekana anaona rafu kama zile nyingine 40 alizozipita. Acha vinane, vyote vitazame mbele, kava lionekane, na kikiazimwa kimoja jaza pengo siku hiyo hiyo. Kabla hujakiweka hakikisha kipo kweli na hakina foleni, maana hakuna kinachoudhi kama kutamanishwa kitabu halafu unaambiwa subiri miezi mitatu. Badilisha kila mwezi, changanya milango, na weka walau kimoja chenye maandishi makubwa kama maktaba yenu inavyo, wapo watu wameacha kusoma kwa ajili ya macho tu na wanaona haya kusema.

Na vikadi, mwanangu, "kitabu kizuri sana lazima usome" hakimwambii mtu kitu. Uzuri kila kikadi kinao, na lazima hakuna, watu wamekuja kupumzika. Andika kinamfaa nani, kinaendaje, na ndani kuna nini. Mfano Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ningeiandikia hivi:

"Kwa anayependa mtu asiyekubali kupangiwa maisha. Yasmini ni msichana, ameozwa kwa mwanamume aliyempita sana umri, anaamua kuondoka. Mapenzi humo, siasa za ukoloni humo, Zanzibar ya zamani utaiona kwa macho. Kuna jela na kuna kuachana."

Umeona, sijasema ni kizuri. Anayetaka mapenzi amesikia, anayetaka siasa amesikia, anayetaka kuona mahali amesikia, na ambaye hana nguvu ya habari za jela wiki hii anakiacha kwa amani. Halafu kile cha Bwana Msa andika mstari mmoja tu, "Kuna aliyeuawa, kuna kiko, kuna maswali. Ukikipenda kina ndugu zake rafu ya riwaya." Kinatosha.

Ukiwa unaongea na mtu ana kwa ana mpe viwili au vitatu vya milango tofauti, usimpe kimoja, na umwambie "angalia angalia, utakachoacha niwekee hapo mezani." Kimoja kinamfanya adaiwe na wewe, lazima akichukue ili asikuudhi, kisha anakibeba nyumbani kama deni. Vitatu vinampa nafasi ya kukataa viwili bila kukukataa wewe. Nadhani hilo ndo limewafanya wenzako wakukwepe kuliko vitabu vyenyewe, walikuwa wanashindwa kusema hapana kwa mtu anayewapenda namna hiyo.

Nimebakiza jambo moja, na nimeliacha mwisho kwa makusudi kwa sababu wewe umelipita haraka sana kwenye barua yako.

Yule dada wa kava jekundu.

Umesema "tatizo lake ni riwaya za mapenzi." Umesema ulipokea usimvunje moyo. Miezi miwili kiko kwenye begi. Mwanangu, yeye alikifanya kile unachowafanyia watu wewe kila Jumamosi, alichukua kitu kilichomshika usiku, tena cha kwake mwenyewe si cha maktaba, akakutilia mkononi akasema utanishukuru. Anakuona kila wiki. Hajakuuliza umeishia peji ya ngapi. Na bado anakuchangamkia.

Kwenye barua yako yote, ndefu ilivyo, nimetafuta kitabu hata kimoja ulichosoma kwa sababu mwenzako pale maktaba alikuambia soma, sijakiona. Vyote 24 ni vyako. Kulikuwa na mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, alianza kama mwalimu wa hesabu kabla ya kupewa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924, na mwaka 1931 akatoa kitabu chenye sheria tano za ukutubi ambazo wakutubi wanazisoma mpaka leo. Ya pili inasema kila msomaji ana kitabu chake, na hiyo najua unaiamini kwa moyo wote. Ya tatu inasema kila kitabu kina msomaji wake. Na hiki cha kava jekundu kinaye, ni yeye, na amejaribu kukufungulia mlango wake uone anavyoingia.

Una miaka 41, kwa hiyo kurasa zako ni 50. Anza leo usiku. Soma kama unavyotaka mzee asome, bila kutafuta kasoro, ukijiuliza tu hapa huyu dada alifurahia nini. Ukifika 50 na hakijakushika kifunge, haki unayo, lakini utakuwa umekutana naye peji 50. Jumamosi mtafute kabla hujagusa rafu yako, mwambie umefika wapi na ni nani humo ndani amekukasirisha au umemwonea huruma, uone uso wake. Halafu mwombe aandike yeye kikadi cha kitabu kingine anachokipenda ambacho maktaba wanacho, kwa mwandiko wake na kwa maneno yake, usimsahihishe, na umwachie nafasi moja katika zile nane.

Ukishamwona yule mama niandikie, hata mistari miwili.

Shangazi